Sura ya Saba

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili kasorobo jioni, fundi wa nakshi alianguka kutoka jukwaa la ujenzi. Daktari alisema pumzi zilikatika kabla hajagusa ardhi.

Wiki mbili baadaye, jua likizama, mjane wake alikwenda kuchukua vifaa vyake.

Ghorofa alilokuwa akilipamba lilikuwa la zamani, ingawa enzi zake liliitwa la kisasa: kuta nyeupe zisizo na mbwembwe, pembe za mviringo, roshani ndefu. Mapambo yalikuwa juu ya milango ya roshani tu: mkanda wa maua ya plasta, na katikati sura ya mtu. Sura saba. Zote zimefumba macho.

Ya saba ilikuwa mpya. Mumewe hakujua kuchonga sura, basi alilala sakafuni jikoni, mirija miwili puani, mkewe akammwagia plasta usoni ili apate kalibu ya kumiminia sura ile.

“Taratibu, mama watoto. Ukiniziba pua utarithi mwiko na ndoo tu.”

Walicheka siku ile. Walicheka!

Sasa alisimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, akiitazama sura ile. Plasta ilikauka siku nyingi, lakini ilinuka ubichi. Akanyoosha kiganja chini ya pua ya plasta.

Joto.

Hewa iliingia... ikatoka.

Akachukua nyundo ya marehemu.

“Usifanye hivyo, dada,” mlinzi wa jengo alinong'ona nyuma yake.

“Mume wangu yumo humu.”

“Najua.”

“Unajua, ukanyamaza?”

“Nani angeniamini? Aliyekuwa hapo kabla yake alikuwa fundi pia. Mkewe alikuja, akaivunja sura ili amtoe. Kesho yake mwenye nyumba akaanza kutafuta fundi wa kuziba pengo.”

“Akampata nani?”

Mlinzi alizitazama ndoo za marehemu.

Nyundo ikawa nzito. Akiivunja sura ile, mwanamke mwingine atakoroga plasta jikoni kwake, akicheka na mumewe. Na yeye ndiye atakuwa amemtuma fundi huyo kuziba pengo.

Aliishusha nyundo. Akaipangusa sura vumbi kwa ncha ya mtandio.

Kope za plasta zikatetemeka.

Hakukimbia. Alifungua viganja vyake, akaomba polepole:

“Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu mja wako, umsamehe, umpumzishe. Mimi nilimtia humu kwa mikono yangu, na kumtoa nimeshindwa. Mtoe Wewe. Amina.”