Mashine Niliyoichagua Iringa Ikampeleka Mume Wangu Mahabusu

"Hii barua imetoka kwenye mashine yako. Ndiyo au hapana?"

Askari aliisukuma karatasi mbele yangu. Mtoto alikuwa ananyonya, ana wiki tano tu duniani.

Nikaisoma.

Barua haikuwa na jina wala sahihi. Ilisema Bwana Nyanda, meneja wetu wa mradi wa mpunga, anaficha magunia ya umma kwa ndugu zake huko Usangu. Uongo mtupu! Na Nyanda mwenyewe alikuwa mahabusu siku ya nne.

Juu kabisa iliandikwa Kumb. Na. MM/M/114. Namba za ofisi yetu. Na herufi "a" zote zimepanda juu ya mstari.

Mashine yangu. Hakuna nyingine Mbeya nzima yenye ugonjwa ule.

"Afande, mashine ni yangu. Barua si yangu!"

"Mashine inajiandikia?"

Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

"Kesho saa mbili asubuhi uripoti kituoni. Uje na mtu wa kumwachia mtoto."

Yeye na mwenzake wakabeba mashine, wakaondoka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanipotea. Mimi naitwa Tupokigwe, bibi wa miaka sabini na tano, na simu naijua msinione hivi. Jana mjukuu wangu Sekela kanitumia picha mbili za doki, kile kidude cha kuchomekea laptop. Moja kubwa, ya kukaa mezani. Nyingine ndogo, ya kuweka kwenye begi. Ana mtoto mchanga, anataka ya kufanyia kazi ofisini na nyumbani.

Akaongeza: "Bibi, nataka ya kubeba. Kuna mtu anafungua laptop yangu nikiiacha nyumbani. Nadhani ni Anania."

Anania ni mumewe.

Sikulala vizuri jamani. Kwa sababu mwaka 1973 na mimi nilichagua hivyo hivyo.

Nilikuwa mpiga chapa. Bwana Nyanda aliponiona tumbo limekua, akasema, "Mama, kazi itakufuata nyumbani. Nenda Iringa kachague taipureta ya kubebeka." Meneja gani wa siku zile alikuwa na moyo ule?

Fundi wa Iringa aliitwa Kalinga. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akaniwekea mashine mbili. Moja nzito, watu wawili wanainua. Nyingine ndogo, na sanduku lake na mkono wa kubebea.

Nikaipenda ndogo palepale!

"Hii ina kasoro," akasema. "Herufi 'a' inapanda. Niachie wiki moja nitaitengeneza."

"Wiki? Basi linaondoka saa sita!"

"Ile kubwa inalala ofisini, mwanangu, ina mlinzi. Hii ikilala kwako, mlinzi wake nani?"

"Mume wangu," nikajibu kwa mashauzi.

Akafunga sanduku, hakusema tena.

Turudi siku ile ya askari. Mume wangu Anyitike alirudi kutoka shambani alasiri, jembe begani. Awali alikuwa dereva wa trekta pale mradini. Bwana Nyanda alimwachisha kazi miezi miwili kabla, na kwa masikio yangu nilimsikia Anyitike akisema, "Iko siku atajuta."

Hakuwahi hata kukaa.

"Ni wewe!"

"Mimi nini, Mama Asukile?"

Nikammwagia yote. Barua, askari, kesho saa mbili...

"Unaamini ni mimi?"

"Nani mwingine anaingia humu ndani? Kikulacho ki nguoni mwako! Umemfunga Nyanda, sasa unanifunga na mimi na mwanao!"

Aliniangalia. Akamwangalia mtoto, muda mrefu, mpaka nikaogopa. Kisha akavaa koti lake.

"Unakwenda wapi?"

"Mnyonyeshe mtoto."

Akatoka. Kulikuwa na ukungu, hatua kumi nyingi sikumwona tena.

Asubuhi nikafika kituoni na Asukile mgongoni. Sikuwa nimepata wa kumwachia.

Afande hakunikaribisha hata kiti.

"Rudi nyumbani. Mumeo amekiri tangu jana jioni."

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Nilijua!" Kwa sauti. Na Anyitike alikuwa chumba cha pili, ukuta wa mbao.

Bwana Nyanda akatolewa. Anyitike akabaki mahabusu. Sikumpelekea chakula. Niliapa sitampelekea.

Aliyenifuta machozi ni shoga yangu Leokadia, karani wa masjala ofisini kwetu. Tangu nijifungue alikuja kila alasiri. Anapika uji, anafua nepi, anasema, "Lala mzazi, mimi nipo." Na mimi nalala fofofo. Kupiga taipu nilimfundisha mimi mwenyewe.

"Pole mwaya," akaniambia. "Wanaume ndivyo walivyo."

Wiki ya tatu, mashine ikiwa bado polisi, nikarudi ofisini. Barua yangu ya kwanza nikaikamilisha, nikaenda masjala kuitafutia namba. Leokadia alikuwa nje. Nikafungua mwenyewe rejista ya barua zinazotoka.

112. 113...

114. "Barua ya siri." Mwandiko wa Leokadia.

Nikaweka kidole kwenye mstari ule.

Wasomaji wangu, Anyitike hakujua kumbukumbu namba ni mnyama gani. Hakujua hata karatasi inaingizwa upande gani wa mashine! Na hilo nililijua tangu mwanzo. Nililijua siku ile ile ninamnyooshea kidole. Hasira haikunipa nafasi ya kukumbuka.

Leokadia akaingia. Akaona kidole changu kiko wapi.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nyanda alininyima kiti chako ulipokwenda kujifungua. Akakununulia mashine! Miaka sita nabandika stempu, Tupo. Miaka sita!"

"Barua ya kumchongea mtu unaiwekea kumbukumbu namba?"

"Bila namba wangeitupa. Nani anasoma barua isiyo na namba?"

"Na kwenye rejista ukaiingiza?"

Akanishangaa kabisa, kana kwamba mjinga ni mimi.

"Ningeruka namba? Mkaguzi akija?"

Wallahi mpaka leo sijui nicheke au nilie. Rejista ilikuwa pale siku zote, lakini mtu akishakiri, nani anahangaika kufunua vitabu?

Bwana Nyanda alibeba rejista mwenyewe kwapani hadi kituoni. Saa kumi jioni Anyitike akatoka. Amekonda, ndevu zimejaa, koti lile lile.

Nikapiga magoti palepale barabarani.

"Kwa nini ulikiri kitu ambacho hukukifanya?"

"Walikwambia uende na mtu wa kumwachia mtoto."

"Ndiyo..."

"Ungemwachia nani? Mimi sina maziwa." Akamchukua Asukile mgongoni kwangu. "Na wewe ulishasema ni mimi. Nikaona basi, iwe hivyo."

Tuliishi miaka arobaini na moja baada ya hapo. Hakunilaumu hata siku moja. Mashine ilirudishwa, nikaiweka chumba cha pembeni, nikaendelea kuifanyia kazi.

Lakini kila alipotaka kuingia chumba kile, alisimama mlangoni akapiga hodi. Nyumbani kwake mwenyewe! Nikimwambia, "Baba Asukile, ingia tu," anaingia. Kesho anapiga hodi tena. Alipiga hodi hivyo mpaka mwaka aliofariki. Ile hodi ilinichapa kuliko fimbo.

Sekela mjukuu wangu, doki chukua ile ndogo, ikusaidie huku na huku. Kosa halikuwa la mashine. Laptop itie neno la siri leo hii. Halafu kaa chini, uhesabu wote wanaokuja kukushikia mtoto wakikwambia ulale.

Wahesabu mpaka wa mwisho, kabla hujafungua mdomo wako kwa Anania.