Katupa Ree Mbili kwa Ajili Yangu!

"Ree mbili!" Mjomba alipiga kelele. "Jamani, mtu katupa ree mbili!"

Tulikuwa kwenye chumba cha cherehani cha Mama. Mezani palijaa vifungo vya makoti. Ndivyo tunavyochezea poka kila Jumamosi mchana, mia kwa kila mtu. Na aliyetupa ni Miwani wangu, ndivyo tunavyomwita, fundi wa kukata lenzi, mwanaume ninayempenda hadi nacheka peke yangu barabarani.

Ngoja niwaeleze, maana hata kupumua siwezi! Miwani ni mchezaji mtamu, sijaona mfano. Kabla zile karata tatu za kwanza za mezani hazijafunuliwa, akifungua dau anaweka vifungo sita. Ana mkono wa moto, sita. Ana takataka, sita! Na uso ule ule. Utamsomea wapi? Mimi nilikuwa nikipata karata kubwa naweka kumi na tano kwa kiherehere, wote wanakimbia. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Dau lako lisiwe mdomo wa kutangaza karata zako, mpenzi."

Basi mzunguko huu Mjomba alifungua kwa sita. Mimi nina wafalme wawili, nikapandisha hadi kumi na nane. Miwani akapandisha juu yangu: arobaini na tano! Moyo paa! Mama na Mjomba wakajitoa. Nikasukuma vifungo vyangu vyote katikati. Miwani akaniangalia, akajitoa, akatupa karata zake kifudifudi, na Mjomba kwa umbea wake akazifunua. Ree mbili, mkono ambao hauna mkubwa wake kabla ya meza kufunguliwa!

"Baba," Mama alimwambia Miwani, "unamhurumia mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nilitaka tu... ashinde."

"Kumbe ndizo zako!" nikasimama. "Jumatatu natakiwa nijibu kama naichukua ile kazi ya takwimu, mji mwingine kabisa. Nimekuuliza niende? Ukasema 'nenda tu, ni nafasi nzuri.' Kila kitu unanipisha! Mimi ni ambulensi?"

Mjomba akaangua kicheko. Mama akamkanyaga mguu.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi na machozi yangu. Ujumbe wa Miwani ukaingia.

"Nisamehe. Sikutaka kukuzuia."

Nikajibu: "Usiponizuia hata kidogo, nitajuaje kama unanitaka?"

Simu ikaita. Nilimsikia sikioni, na nikamsikia tena kupitia mlangoni.

"Nenda kwenye hiyo kazi," alisema.

"Umeanza tena!"

"Sijamaliza. Nenda, na mimi nakuja. Nimeshaongea na duka moja la miwani la huko, wananitaka mwezi ujao. Nilinyamaza nikiogopa utaona nakung'ang'ania."

"Si uning'ang'anie!"

"Nakung'ang'ania. Nataka nikuoe. Sasa rudi mezani, safari hii sikupishi hata kidogo."

"Mwambie na mimi nimesikia!" Mama alipaza sauti huko ndani.

Nikafuta macho, nikarudi. Mama akagawa. Miwani, ambaye bado alikuwa na vifungo vingi kuliko mimi, akafungua kwa sita, kama kawaida yake. Mimi nina ree na mfalme. Nikapandisha hadi ishirini, uso mkavu, mwanafunzi nimeiva! Akapandisha hadi hamsini bila hata kupepesa.

"Vyote!" nikasema.

"Nafuata." Hata neno langu halijatua.

Akaweka wazi malkia wawili. Mama akafunua karata za mezani, moja moja, zote tano, wala haraka hana. Hakuna ree. Hakuna mfalme. Vifungo vyangu vikahamia kwake, mpaka vile vya shaba ninavyovipenda, na yeye akavikusanya vyote kwa mikono miwili, bila aibu, bila kunirudishia hata kimoja. Jamani, hakuna maua wala chokoleti iliyowahi kunifurahisha hivyo!

"Umenimaliza!" Nikamrukia shingoni mbele ya Mama.

"Mwachie kwanza," Mama alisema, ameshavuta futi yake ya kupimia. "Baba, simama wima. Nataka mabega ya hilo koti yakae vizuri."

"Koti gani tena, Dada?" Mjomba akauliza.

"La harusi, wewe. Andika: bega, inchi kumi na nane."