Jicho Upande wa Pili wa Kioo

Asubuhi ile Théodore alitelemka kutoka mtaa wa Nguba kwa miguu kama kawaida yake, suti yake ya abacost imenyooshwa vizuri na mke wake Delphine. Akasalimiana na wamama waliokuwa wakipanda na vikapu vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Ziwa lilikuwa limetulia. Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, na kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi kilikuwa kinangoja afanye jambo ambalo hapo kiwandani hakuna aliyewahi kuliona: kuunganisha mashine kwa uzi wa kioo.

Wazungu walioutuma waliuita fibre optique. Ni uzi mwembamba kama unywele, umevikwa plastiki nyeusi. Haubebi umeme, unabeba mwanga. Kwa mwanga huo, mitambo ya tanuru kule chini karibu na ziwa ingeweza kuiambia salle de contrôle, chumba cha kuongozea mitambo huku juu, joto limefika wapi na mvuke una nguvu gani.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na kebo ya shaba. Lakini Bukavu mvua haiji bila radi, na radi inaipenda shaba. Msimu uliopita ilishuka, ikafuata kebo mpaka chini, ikamkuta mfanyakazi mwenzao Gaston ameshika kabati la chuma la mitambo. Walimtoa pale akiwa amekauka, mkono bado umekunjwa.

Kwetu watu wanajua kuwa kuna radi ya Mungu, na kuna radi ya kutumwa. Kabla Gaston hajazikwa, jina lilikuwa limekwisha kupatikana. Ni Placide, mlinzi wa lango, mzee aliyetoka Mwenga, mpole, ambaye wiki ile alikuwa amegombana na Gaston kwa sababu ya baiskeli. Mkurugenzi akaita mkutano uani. Akamsimamisha Théodore, fundi pekee mwenye diploma, akamuuliza mbele ya wote kama mitambo ilikuwa na kasoro.

Théodore alijua kasoro ilikuwa wapi. Waya wa kushusha umeme ardhini, ule wanaouita terre, yeye mwenyewe aliuacha bila kuufunga tangu kiangazi. Kila siku alisema kesho. Placide alikuwa amesimama karibu na lango, kofia mkononi, anamtazama.

"Installation ilikuwa sawa, citoyen directeur," Théodore alisema.

Jioni ile watu walipanda mtaa wa Cimpunda, nyumbani kwa Placide, na petroli. Adolphine, mke wa Placide, alikuwa ameenda kuteka maji. Placide alikuwa ndani.

Tangu siku hiyo Théodore hakupita tena langoni. Alikuwa akizunguka kwa nyuma, kwenye mlango wa malori, na wenzake walidhani anakwepa matope.

Sasa uzi ulikuwa umelazwa kwenye mtaro, kutoka juu hadi chini. Kilichobaki kilikuwa kuupima. Jambo lenyewe ni rahisi: mmoja anamulika tochi mwisho mmoja, mwingine anachungulia mwisho wa pili. Nukta ya mwanga ikionekana, kioo hakijavunjika njiani. Théodore alimtuma msaidizi wake Marcellin kule chini na tochi. Yeye akabaki peke yake kwenye salle de contrôle, simu ya ndani karibu na mkono. Ilikuwa alasiri. Mawingu yalikuwa yameanza kukifunika kisiwa cha Idjwi.

Akaleta ncha ya uzi kwenye jicho la kulia.

Nukta ilikuwepo. Akatabasamu. Kisha akaona kwamba si nyeupe kama ya tochi. Ni nyekundu, na inachezacheza.

Akachukua simu. "Marcellin, tochi yako inakwisha pile, betri zimechoka."

"Chef, sijawasha," Marcellin alijibu. "Niko bado natafuta mwisho wa kebo. Kumbe iko hapa, bado na kifuniko yake."

Théodore akamwambia asikiondoe. Asikiguse. Akachungulia tena. Nukta ilizidi kuwaka. Mara ikafifia, mara ikarudi, kama mtu anayepita mbele ya moto. Anapita huku. Anapita kule. Anatafuta mlango.

Harufu ikaingia chumbani. Majani ya nyumba yanayoungua, na petroli.

Akachukua koleo. Akakata uzi, akabaki na kipande kisichozidi kiganja. Kipande hakikushikana na kitu chochote.

Kiliwaka ncha zote mbili.

Hapo angekitupa. Hakukitupa. Aliniambia baadaye kwamba haukuwa woga uliomshika, ilikuwa aibu. Alihisi hana haki ya kugeuza uso. Akachungulia mara ya tatu. Mwanga ukatulia. Halafu ukafunikwa polepole, kutoka pembeni, ukawa giza. Giza lile halikuwa la kitu kuzimika. Lilikuwa la tundu la ufunguo, mtu wa upande wa pili anapoweka jicho lake.

Likapepesa.

Hakumngoja Marcellin. Mvua ilimkuta njiani, akaenda hivyo hivyo hadi Cimpunda, kwa dada wa Adolphine, alikojisitiri mjane huyo. Alimkuta anachambua maharagwe. Akasimama mlangoni akichuruzika maji, akaeleza yote: waya, mkutano, neno alilolisema. Adolphine hakunyanyua kichwa mpaka alipomaliza.

"Ile siku alirudia nyumbani kula," alisema taratibu. "Nikamwambia, tukimbie. Akakatala. Akasema, Théo iko mutoto muzuri, ataenda kusema. Alikuwa anakungojea."

Théodore akapiga magoti. Akaomba msamaha.

"Simama," alisema Adolphine. "Mimi sikukuwa kule kwa mukutano. Enda useme mbele ya wale walikuwako."

Akaenda. Kesho yake aliwaomba wafanyakazi wabaki uani, akasimama palepale, akasema kwamba radi ile haikutumwa na mtu, na kwamba Gaston na Placide wote wawili walikufa kwa uzembe na uongo wake. Alitegemea mawe. Hakuna aliyeokota jiwe. Wengi wao walikuwa Cimpunda jioni ile. Walitazama chini, wakatawanyika mmoja mmoja, na kwa muda mrefu kiwandani watu walifanya kazi bila kutazamana usoni.

Mkurugenzi alimwachisha kazi. Uzi uliunganishwa upya na fundi kutoka Bujumbura, na ukafanya kazi vizuri. Radi ikaja ikapita, mitambo haikuguswa. Théodore akawa anatengeneza redio kwenye baraza la nyumba yake. Ni jirani yangu, ndiyo maana nayajua haya. Daktari wa macho alimpima, akasema jicho la kulia ni zima kabisa, tena lina nguvu kuliko la kushoto.

Lakini Delphine alimwambia mke wangu jambo moja, kwa sauti ya chini, wakiwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kila anapofua foronya ya mume wake anakuta tundu jipya pale linapolala jicho lake la kulia, dogo kama la sindano. Kingo zake ni nyeusi, zimeungua. Imeshatoboka mito mingapi, hajui. Na yeye Théodore akiamka, anasema amelala vizuri.