Mawe ya Hema la Bibi Hansigne

Juni ikifika, kijiji chetu kinanuka samaki, nasi tunashukuru. Kwetu Grinlandi harufu hiyo ni habari njema. Maana yake ammassat wamerudi. Hao ni samaki wembamba, jamaa wa dagaa, wanaokuja ufukweni kutaga mayai. Unatumbukiza wavu wa mpini, unauinua, umejaa. Mwaka mmoja walikuwa wengi hadi nikavuka hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya milima, kwa miguu juu ya migongo yao, wala sikulowa soksi. Asiyeamini amuulize mbwa wangu, alikuwa nyuma yangu.

Samaki hao tunawaanika juu ya miamba. Wakikauka, ndio chakula chetu na cha mbwa majira yote ya giza, jua lisipochomoza.

Kiangazi kimoja jirani yangu Ujarneq alinialika kambini. Yeye ni mvuvi. Alikwenda na mkewe, Bolette, na mama yake mzazi, Bibi Hansigne. Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kukaa botini na kusifu.

Bibi Hansigne alikuwa amelazwa hospitalini majira yote ya baridi. Alipopona, aliomba kitu kimoja tu.

"Nipelekeni kwenye mawe ya mama yangu. Nilizaliwa pale. Nataka kulala pale tena."

"Mama, ni mbali," Ujarneq akasema. "Na daktari amesema upumzike."

"Nitapumzikia kule. Au daktari ana hema?"

Basi tukaenda.

Mawe hayo yalikuwa ndani kabisa ya hori, mbele ya mto mkubwa wa barafu. Barafu hiyo inatelemka polepole kutoka bara, inapita kati ya milima miwili, inafika baharini. Hapo ncha yake inakatika, na vipande vinaelea kama visiwa.

Zamani hema lilikuwa la ngozi. Wazee walilizungushia mawe ili upepo usilichukue. Mawe hayo yanabaki palepale, duara, miaka na miaka. Kwetu, mtu akifika kwenye duara la wazee wake, hapimi wala hachagui. Anapiga hema hapohapo. Wazee walijua, basi.

Ujarneq akafanya hivyo. Duara lilikuwa kwenye ufukwe tambarare, ndani ya ghuba ndogo, karibu na maji. Boti akaivuta juu ya kokoto. Bibi akaketi katikati ya mawe. Akalia kidogo, kisha akatukaripia kwa kumtazama.

Tulipokuwa tunachemsha kahawa, akaja Kuluk na boti yake. Kuluk ni mwanamke mwindaji wa sili, wale wanyama wanono wa baharini wanaopanda barafuni kuota jua. Analijua hori lile kuliko mimi ninavyolijua birika langu. Akapokea kikombe, lakini hakuketi.

"Mbona umesimama?" nikamtania. "Au suruali imekubana?"

"Mzee, hapa sikai," akasema. "Ndugu yangu Ujarneq, lile pande la barafu limefikaje pale?"

Tukageuka. Nyuma ya hema, juu karibu na nyasi, palikuwa na pande la barafu linayeyuka.

"Bahari imelileta," Ujarneq akajibu.

"Bahari ipi? Hii iliyo kule chini?"

Ujarneq akapima kwa macho kutoka majini hadi kwenye lile pande.

"Ni wimbi," Kuluk akasema. "Barafu ikikatika, inasukuma maji. Kwenye kina kirefu wimbi hilo halitishi. Boti inapanda, inashuka. Lakini likiingia ghuba kama hii, maji ni machache na nchi imebana huku na huku. Halina pa kwenda ila juu. Tazameni nyasi. Hapa chini zimeng'olewa, ni kokoto tupu. Pale juu zipo. Bahari imewachorea mpaka."

Bibi Hansigne akakasirika.

"Binti, mama yangu alilala hapa kila kiangazi. Wimbi halikumgusa. Wewe nani umfundishe?"

"Simfundishi, bibi. Nataka unifundishe wewe. Ulipokuwa mdogo, Kichwa cha Sili kilionekanaje?"

Kichwa cha Sili ni mlima mdogo uliosimama katikati ya barafu. Bibi akautazama kwa muda mrefu.

"Kichwa tu," akasema polepole. "Kilichomoza kama sili anayevuta pumzi. Sasa... lo! Naona mabega. Naona tumbo! Sili mzima ametoka kuota jua!"

"Mlima haujakua, bibi. Barafu imepungua. Tazama na ubavu wa mlima huu mkubwa. Juu mwamba ni mweusi, una ukoga wa miaka mingi. Chini ni mweupe kama kidevu kilichonyolewa leo. Barafu ilifika pale penye mpaka wa rangi. Na je, huku mbele kulikuwaje?"

"Kulijaa vipande vya barafu, vimesongamana," bibi akakumbuka. "Hata kiangazi. Baba alipata tabu kupitisha kayaki, mtumbwi wake wa ngozi."

"Vipande hivyo ndivyo vilivyolituliza wimbi. Siku hizi vinaondoka mapema. Maji yako wazi, wimbi linafika hapa na nguvu zake zote. Mama yako hakukosea, bibi. Alilisoma hori la siku zake. Nasi tulisome la siku zetu."

Bibi akaweka mkono juu ya jiwe moja.

"Kwa hiyo nimwache mama yangu hapa?"

Ujarneq hakutaka kumvunja moyo mama yake, wala hakutaka kumzika. Ni Bolette aliyejibu. Aliinama, akanyanyua jiwe.

"Nani anamwacha, mama? Tunahama naye. Hata huyu mzee wa kusifu ana mgongo."

Tukabeba mawe hadi kwenye mwamba ulio juu ya nyasi. Jiwe langu lilikuwa zito kiasi kwamba nilipolinyanyua, ufukwe ule ulishusha pumzi. Bibi alisimamia kazi.

"Hilo ni la mlangoni! Ligeuze! Wewe mstaafu, umestaafu na macho?"

Kisha tukaitia boti nanga kwenye kina kirefu, na kidau kilichoturudisha nchi kavu tukakipandisha juu.

"Jambo la mwisho," Kuluk akasema akiondoka. "Maji yakikimbia ufukwe, msiyafuate. Pandeni. Na wimbi la kwanza likipita, msishuke upesi. Hufuatwa na mengine."

Asubuhi iliyofuata, mimi na Ujarneq tulikuwa chini tukivua. Tukasikia ngurumo kutoka kwenye barafu. Hatukujali, barafu hunguruma kila siku. Punde maji yakarudi nyuma, yakaacha samaki wanarukaruka juu ya kokoto.

"Leo hata wavu hauhitajiki!" Ujarneq akacheka, akaanza kuwafuata.

"Ujarneq!" Bolette akapiga kelele kutoka juu. "Maji yako wapi? Panda! Panda!"

Akatazama samaki. Akatazama bahari. Akatupa wavu, akanishika kola ya koti, tukapanda mbio.

Wimbi likaingia. Lilifunika mahali palipokuwa na duara, likatupa hapo pande la barafu. Mjini huwa nasema pande hilo lilikuwa kubwa kama kanisa. Lakini hapa nawaandikia watu wanaojifunza, kwa hiyo nasema kweli: lilikuwa kama jokofu la dukani. Linatosha kuua. Tukasubiri. Likaja wimbi la pili, kisha la tatu. Yote yaliishia penye nyasi. Kule kwenye kina, boti ilipanda na kushuka, haikupata hata mkwaruzo.

Bibi Hansigne alikuwa amekaa ndani ya duara la mama yake, kikombe mkononi.

"Ningekuwa pale chini," akasema, "mngeniokota Kanada."

Halafu akamvuta Bolette, akamkumbatia, wala hakumwachia upesi.

Kuluk alikuja mbio na boti, uso umempauka. Alipotuona wote, alikaa chini akafuta macho. Bibi akamshika mikono.

"Mwanangu, nilikufokea. Wewe ukanirudishia watoto wangu. Njoo. Leo unalala ndani kabisa ya hema, mahali pa heshima alipolala mama yangu."

Tangu hapo kila familia ya kijiji chetu hupiga hema juu ya mpaka wa nyasi, na boti huachwa kwenye kina. Hakuna anayechekwa kwa kuhamisha mawe ya wazee wake.

Majira ya giza yalipofika, Bibi Hansigne alitualika sote, Kuluk akiwa wa kwanza. Kulikuwa na wale samaki wakavu na supu ya sili yenye mchele. Bibi akasali kabla ya kula. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya kila mmoja wetu, kwa jina, bila haraka, hata mimi. Supu ikapoa kabisa. Tukaila hivyohivyo, na hakuna aliyelalamika.