Pasi Fupi za Duncan

Pakiti ya unga wa ugali ilipita juu ya vichwa vya watu sokoni Batha, Riyadh, ikavuka barabara na kutua mikononi mwa Mike, rafiki wa aliyeirusha.

"Na kama ingempasua mtu?" Zipporah alifoka, abaya yake nyeusi ikiburura vumbi.

Aliyerusha, kijana mrefu wa fulana ya manjano, alicheka. "Mkono huu haukosei, siste. Mimi ndiye kwataabeki wa Sulay."

"Kwata-nini?"

Kijana huyo, Duncan Barasa, akamweleza. Nyuma ya maghala ya Sulay, alikopakua mizigo, walicheza mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, na yeye ndiye aliyewarushia wenzake. Kabla madam, aliyemwajiri Zipporah kazi za ndani, hajaita yalla, yaani twende, wakawa wamepeana namba.

Mapenzi yao yakaishi kwenye simu, hasa madam alipohamia naye Jeddah, mtaa wa Ruwais. Hakuwahi kumwona Duncan akicheza. Kila Ijumaa Mike alimtumia hesabu: pasi alizorusha, na zilizodakwa.

Mwaka wa pili hesabu zikapanda ajabu.

"Babe! Ishirini umerusha, kumi na tisa zimedakwa! Simba wangu!"

"Zippy, nimechoka. Kifua kinanibana. Mkataba ukiisha nataka nirudi Bungoma."

"Si tulikubaliana mkataba mmoja zaidi, tuoane tukiwa na nyumba? Mgonjwa gani anacheza hivyo? Sema tu kuna mwingine anakungoja huko."

"Hakuna mwingine, mpenzi. Nitasaini."

Akasaini.

Miezi kadhaa baadaye madam alikwenda Riyadh kununua samani kwenye maghala ya Sulay, akamchukua Zipporah. Gari liliegeshwa pembeni mwa uwanja wa mchanga. Zipporah akapaka midomo rangi haraka, akaitafuta fulana ya manjano.

Akaiona. Ilimpwaya Duncan kama iliyoanikwa kwenye kamba. Alipokea mpira, akampa aliyesimama karibu naye kabisa. Ukadakwa. Tena, hivyo hivyo. Mbali mbele mwenzake alikuwa peke yake, akipunga mikono. Duncan alimtazama, akainamisha kichwa, akamrushia wa karibu. Ukadakwa. Mike akaihesabu, kama zile kumi na tisa.

Kisha Duncan akashika magoti, mdomo wazi, akitafuta pumzi.

"Duncan!" Zipporah alishusha kioo.

Alikuja polepole. Karibu naye, kifua chake kilisikika kikikoroma.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Zippy."

Machozi yakamtoka Zipporah. "Nisamehe. Rudi nyumbani. Nyumba hata ya matope, nitaingia."

"Kafili aliyeniajiri ana pasipoti yangu, na mimi nimeshasaini." Akatabasamu. "Lakini umependeza. Hiyo rangi ya midomo ni yangu?"

"Ni yako, mjinga wewe."

"Yalla!" madam aliita.

Gari lilipoondoka, Zipporah aligeuka nyuma. Duncan aliinua mkono kumpungia. Uliishia kifuani.

Ijumaa iliyofuata Mike hakutuma hesabu. Zipporah akapiga simu. Mike alipokea. Nyuma yake wanaume walikuwa wakiimba, kwa sauti ya chini, wimbo wa kuaga maiti.