Kalibu Iliyosuguliwa kwa Sweta

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere alipitia maabara ya shangazi yake kumsubiri mama atoke kazini. Jina hilo alipewa na bibi yake, na lilimkaa sawasawa, maana mikono yake haikujua kutulia. Akifika hunawa, hufunga nywele kwa kitambaa, kisha hukaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Sharti lilikuwa moja tu: asiguse kitu.

Shangazi alitengeneza utando wa plastiki ya pekee, ambayo huyeyuka yenyewe mwilini baada ya miezi michache. Aliimimina ikiwa majimaji juu ya kalibu ya kioo iliyochongwa mistari myembamba mno, isiyoonekana kwa macho. Ikikauka, aliubandua utando kwa kibano, nao ulibeba mistari ile ile. Madaktari waliushona ndani ya vidonda vya moto, na nyama mpya ikaota ikifuata mistari. Pasipo mistari, nyama huota shaghalabaghala, kovu likavuta vidole vikajikunja.

Jumatatu moja shangazi alitoka kupokea simu. Kiherehere akaona vumbi juu ya kalibu. Loo, kazi ya shangazi ichafuke hivi hivi? Akaisugua kwa mkono wa sweta mpaka ikang'aa. Kifungo cha sweta kikakwaruza kioo. Alitazama, hakuona alama yoyote, akarudi kigodani kama si yeye. Shangazi aliingia akamimina. Kalibu alikuwa ameikagua kwa hadubini asubuhi, na kwa kuwa hakuna mwingine anayeigusa, hakuona haja ya kurudia.

Jumatano mama alileta habari. Binti mdogo wa fundi cherehani, jirani yao, aliyeungua kiganja kwa mafuta, angepasuliwa kesho yake, na utando ungetoka kwa shangazi. Kiherehere alisukuma sahani yake kando. Alifungua mdomo, akaufunga. Angegombezwa, angefukuzwa maabara. Na labda, alijidanganya, kioo hakikudhurika.

Jumamosi alimkuta shangazi anaimba peke yake, amefurahi kwamba upasuaji ulikwenda vizuri. Hapo akashindwa kuvumilia. Akalia, akasema yote.

Shangazi hakumgombeza. Alichukua utando mwingine wa Jumatatu ile, akauweka chini ya hadubini, akamwita atazame. Mistari ilikwenda sambamba kama matuta ya shamba, kisha ikavurugika ovyo, na mkwaruzo mpana ukaikata katikati. Shangazi akampigia daktari simu papo hapo.

Mtoto alipasuliwa tena. Utando uliondolewa pamoja na nyama changa iliyokwisha kushikamana nao, ukawekwa mwingine. Alilia siku nne wodini hata sauti ikakauka. Shangazi alikwenda wodini na Kiherehere, wakamweleza fundi yote, naye shangazi akasema yeye ndiye aliyeacha kukagua. Fundi akamgeukia Kiherehere.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Fundi aligeukia kitanda tena. Aliendelea kumpepea mwanawe.

Miezi sita baadaye shangazi na Kiherehere walikwenda kliniki siku mtoto alipopimwa mkono. Vidole vinne vilinyooka kabisa. Kidole cha mwisho kilibaki kimejikunja, na daktari alisema hakitanyooka tena. Walipotoka nje, Kiherehere aliuliza kama kosa ni lake.

"Kusugua kalibu kulikuwa ujinga wa mtoto," shangazi alisema, "nami nilikosea kwa kutokagua. Hayo yote yangeishia kwenye pipa la taka kama ungesema siku ile. Ungelia kidogo, ningenuna kidogo, basi. Ulinyamaza siku tano ili usigombezwe, na maumivu yakamwendea mtoto asiyejua lolote. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka."

Kiherehere aliitikia kwa kichwa. Nyuma yao mtoto wa fundi alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha gauni lake, na kidole kile kilikuwa kinamzuia.