Pikap Iliyopiga Chafya

Injini ya gari ikikataa kuwaka, hukohoa. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma gari mlimani anaijua hiyo sauti. Lakini pikap ya Kipkurui haikukohoa. Siku hiyo ya Jumanne, saa nane mchana, jua likiwa kali juu ya majani chai, ilipiga chafya. Chafya moja ndogo yenye maji maji, kama ya mtoto mchanga. Halafu ikawaka.

Sasa sikiza ilivyofika hapo.

Hiyo pikap Kipkurui aliitoa nyuma ya duka moja huko Sosiot, mwaka wa tisini na tano ukiisha. Nyasi ilikuwa imemea ikatokea kwa boneti, na kuku alikuwa ametaga kwa kiti cha dereva. Aliuza ndume wake, akaongeza bonasi yote ya majani chai, akaivuta na trekta ya jirani mpaka nyumbani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alijua anatafuta nini.

Mwaka uliotangulia, bibi yake Chepngeno alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ya mvua kubwa. Kwa ule mlima wao hakuna gari ingepanda. Wanaume wanne walimbeba na kitanda kuelekea hospitali ya Kapkatet, wakateleza, wakasimama, wakateleza tena. Mtoto alizaliwa pale kwa mto, kwa matope, na hakulia. Kipkurui alikuwa ameshika mguu wa kitanda wa mbele upande wa kushoto. Alisema kwa roho yake kwamba mtoto mwingine hatabebwa na kitanda.

Na sasa Chepngeno alikuwa na mimba ya miezi minane, na pikap ilikuwa imekaa kwa boma miezi hiyo hiyo minane bila kutembea hata hatua moja.

Akitengeneza kabureta, rejeta inavuja. Akiziba rejeta, klachi inakwama. Aliwahi kwenda mpaka Kericho kutafuta plagi nne, akarudi amenyeshewa, akakuta moja ni ya pikipiki. Vidole vyake vilikuwa na grisi hata akila. Usiku akilala alikuwa anasikia stata ikizunguka bure, nyiri nyiri nyiri, kama mtu anayemcheka.

Fundi wake alikuwa Joab Oyugi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyefanya kazi kwa kiwanda cha chai miaka mingi kabla ya kufungua gereji yake ndogo. Joab alikuwa mzuri kwa kazi lakini mdomo wake haukuwa na breki.

"Omera, ndugu yangu," alimwambia hiyo Jumanne, akipangusa mikono, "hii kitu uza kama chuma. Ununue punda. Punda haina kabureta."

"Fundi, usinikasirishe."

"Nani anakukasirisha? Punda pia iko na horn."

Joab akaenda kwa duka kununua mkate. Kipkurui akabaki peke yake. Akapiga gurudumu teke, akaumia kidole, akaingia ndani ya gari akafunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikaanguka ndani. Hapo hasira ilimfika mahali inageuka kicheko. Akakumbuka vile kina mama wazee hufanyia mtoto mchanga.

Kwa Wakipsigis mtoto akizaliwa, wazee wa kike humshika na kuita majina ya watu wa nyumba hiyo waliokufa, moja moja. Ni wewe fulani? Ni wewe fulani? Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi wanajua ni nani amerudi, na wanafurahi. Hata wale wa kanisani hufanya hivyo. Mtoto asipopiga chafya bado hajaingiwa na mtu. Ni nyumba tupu.

"Haya!" Kipkurui akaambia pikap. "Sema unataka nani. Ni wewe Chepyegon?" Akageuza funguo. Nyiri nyiri. "Ni wewe Kipkemboi?" Nyiri nyiri. "Ama ni wewe baba? Eh? Ni wewe Kimeli?"

Ikapiga chafya. Ikawaka.

Joab alikuja akikimbia na mkate kwapani. "Umeifanya nini?"

"Nimeiita jina!"

Wakacheka wote wawili mpaka Joab akaketi chini.

Kimeli, babake Kipkurui, alikuwa dereva wa trekta kwa shamba kubwa la chai. Aliendesha magari ya wenyewe miaka ishirini na sita na akafa bila kumiliki hata baiskeli. Trekta ilimwangukia kwa kona moja ya kuteremka. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, na alikuwa na tabia moja watu walikuwa wanaisema: akishapanda, hapendi kushuka. Chakula alikuwa anakulia juu ya trekta.

Siku ya pili Kipkurui alipata kiti cha dereva kimesukumwa nyuma kabisa. Miguu yake haikufika pedeli. Akakirudisha mbele. Asubuhi tena kiko nyuma. Siku ya tatu Joab aliingiza kichwa kwa dirisha akanusa.

"Nani ameweka dizeli hapa?"

"Hakuna dizeli. Si ni ya petroli?"

"Mimi najua dizeli, kijana. Hii ni dizeli na jasho." Joab akatoa kichwa pole pole. Hakufanya mzaha. "Na mbona gia iko moto? Umetoka safari?"

"Haijawashwa tangu jana."

"Basi hii gari iko na jini," Joab akasema kwa sauti ya chini, na akakumbuka kazi nyingine huko Sosiot.

Kipkurui alijua ni nani. Kila akitaka kuiwasha alijaribu kwanza bila jina, ikakataa, akajaribu tena, ikakataa, mpaka aseme kwa sauti ya kuomba, "Ni wewe Kimeli," ndipo ikubali. Lakini alikuwa amechoka na kushindwa. Alijiambia ni stata tu, na tumbo la Chepngeno lilikuwa limeshuka.

Uchungu ulimshika Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati. Kipkurui alimpakia bibi yake, akaita jina, wakatoka. Na pale kwa mteremko, ambapo barabara imekuwa mto mwekundu na waipa hazifanyi kazi na yeye haoni chochote isipokuwa weupe wa mawe yakiruka juu ya boneti, Kipkurui alihisi usukani unageuka kabla yeye hajaugeuza, ukikwepa shimo asilolijua, ukishika ukingo vizuri kuliko mkono wake, na alipoangalia chini aliona klachi inakanyagwa na kuachiliwa, inakanyagwa na kuachiliwa, na miguu yake mwenyewe ilikuwa imekunjwa chini ya kiti.

"Wewe unaendesha vizuri leo," Chepngeno alisema akiuma kitambaa.

Kipkurui aliacha mikono juu ya usukani, akauacha uende.

Mtoto alizaliwa hai hospitalini, wa kiume, saa kumi na moja. Alilia mara moja akanyamaza.

Walipomrudisha nyumbani, nyanyake Kipkurui, mama yake Kimeli, ambaye wote walimwita Kogo, alikuwa amengoja na shuka mpya. Alimchukua mtoto, akampaka ugoro kidogo puani, akaanza kuita. Aliita Chepyegon. Aliita Kipkemboi. Mtoto alimwangalia tu. Kogo akatabasamu, kwa maana lile jina lililobaki ndilo watu wote walikuwa wanalingoja.

"Ni wewe Kimeli?"

Mtoto akashika pumzi. Na nje, kwa boma, mahali hakukuwa na mtu, pikap ikapiga chafya.

Tangu hapo mtoto alikataa kunyonya. Nesi wa dispensari alimpima akasema hana joto, hana kifua, hana kitu. Siku moja ikapita, na nyingine. Macho ya mtoto yalianza kuingia ndani. Chepngeno alikuwa anakamua maziwa yake kwa kijiko, yanaingia na yanatoka kwa upande wa mdomo.

"Weri, kijana wangu," Kogo akamwita Kipkurui nje. "Nani umeita kabla yangu?"

Alimwambia yote, akiangalia viatu vyake.

Mama mzee aliitazama pikap. "Kimeli nilimzaa mimi," akasema. "Ni mtu wa magari. Sasa umempa mwili wa chuma, mwili wake mwenyewe. Utamwambia aje aingie huu wa nyama, wenye kulia na kujinyea? Wewe ungekubali?"

Alichukua kibuyu cha mursik akaenda kwa pikap, akamwaga maziwa juu ya boneti, akaongea na mtoto wake kwa Kikipsigis, kwa sauti laini, kama mtu anabembeleza. Milango miwili ya pikap ikajifunga kwa ndani. Tak. Tak.

"Amesema nini?" Kipkurui akanong'ona.

"Amesema hashuki. Ifungue. Kama ulivyoifunga, ifungue yote, nati kwa nati."

Joab hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu ya mtoto. Walisimika miti mitatu, wakafunga mnyororo wa kuinua injini, wakaanza asubuhi ya ukungu, na Kogo akabaki ndani ya nyumba na mtoto mapajani, dirisha wazi, akingoja Kipkurui aseme "sasa" injini ikiachana na gari, ndipo aite. Kipkurui alifungua kwa mkono wake kila kitu alichofunga kwa mkono wake, kabureta aliyoiosha mara sita, rejeta aliyoiziba na sabuni na risasi ya kulehemu, plagi tatu za gari na ile aliyorudi kuinunua, na kila nati ilikuwa moto kama imetoka jikoni ingawa injini ilikuwa baridi siku nne, na kadiri walivyoendelea harufu ya dizeli ilizidi mpaka Joab akafunga pua na kitambaa, na kiti cha dereva, hakuna mtu, kikawa kinalia springi zake kama mtu mzito anageuka huku na huku akitafuta mahali pa kushika.

"Imebaki bolti moja," Joab akasema. "Haki ya Mungu, inanivuta mkono."

"Vuta, fundi."

"Niko navuta, wewe!"

Spana ikateleza. Ngozi ya vidole vya Joab ikatoka yote, na Joab akapiga kelele kama mtu wa kwao anavyolia kwa babake: "Amolo wuora!"

Bolti ikaruka. Injini ikaning'inia. Na kabla Kipkurui hajafungua mdomo kusema "sasa", ndani ya nyumba mtoto akapiga chafya.

"Amepiga!" Chepngeno alilia. "Ananyonya! Kipkurui, ananyonya!"

Kogo alitoka nje. Alivuta mlango nyuma yake ili baridi isiingie. Hakuwa anafurahi.

"Mimi sijaita," akasema. "Nani ameita?"

Joab alikuwa ameshika mkono wake unaotoa damu. Rangi yake ilibadilika. "Amolo ni jina la babangu, mama. Alikufa mwaka jana. Lakini mimi sikuita. Niliumia tu."

"Uliita."

"Mama, huyo mzee hajui hata Kikipsigis!"

"Atajifunza," Kogo akasema.

Kipkurui hakujua kama atacheka ama atalia. Jasho lake la miezi minane lilikuwa limelala kwa nyasi vipande vipande. Mtoto wake alikuwa hai, Kipkurui alimsikia kabisa akimeza, na ni wa mtu mwingine. Alikuwa karibu kusema sawa, hata hivyo ni sawa, wakati wazo lingine lilimjia.

"Kogo. Na baba?"

Mama mzee alikuwa anaangalia chini. Nyasi ilikuwa nyeupe kwa umande. Kando ya mlango wa dereva, ambao sasa ulikuwa wazi, umande ulikuwa umekanyagwa. Hatua moja ndefu. Halafu nyingine, mbele ya macho yao, nyasi ikalala. Halafu nyingine. Zilipita katikati ya Joab na Kipkurui, zikaenda kwa nyumba.

Mlango wa nyumba ukatikisika.

Kipkurui alifungua mdomo, na Kogo akauziba kwa mkono wake mkavu, akaukaza.

"Usimwite," akanong'ona. "Ukimwita ataingia kwa chochote."

Ndani, Chepngeno aliacha kumwimbia mtoto.

"Sukuma tu," alisema kwa furaha. "Haujafungwa."